Visu vya Harusi na Sheria Mpya

Siku ya kuniaga kazini walikata keki ile ya kijani wanayomkatia kila mtu, na mkuu wa kikosi akasoma maneno mazuri ambayo yangemfaa yeyote aliyezoea kufika kwa wakati. Nilikula vipande viwili. Nilipokuwa naosha sahani yangu, askari wawili vijana wakanifuata jikoni. Mmoja wazazi wake wametoka Bukavu, mwingine Kampala. Yule wa Bukavu, ambako shangazi huitwa tantine, akasema, "Tantine, uandike yale unatuambiaga kwenye gari. Uandike kwa Kiswahili, na sisi tujifunze lugha humo humo."

Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na mikutano yake. Mshahara mnaujua, umebandikwa kwenye mtandao. Nitasema habari za kazi yenyewe, hasa hili mnaloniuliza kila mara: inakuwaje askari aliyefundishwa sheria moja anaamka asubuhi na kukuta nyingine.

Jina langu ni Zaina. Nilizaliwa Kampala, nikasoma Mwanza baba yangu alipoukimbia utawala wa wanajeshi, kisha nikaletwa Stockholm nikiwa msichana wa miguu mirefu na koti la kuazima. Kiswahili changu ni cha shule ya msingi ya Mwanza, Kiganda changu ni cha kugombezwa na mama, na Kiswidi changu ni cha polisi. Ndiyo sababu mpaka leo nikimbembeleza mjukuu kwa Kiswidi anadhani namkamata.

Kazi ya polisi niliianzia Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm. Siku ya kwanza walinipa suruali iliyokatwa kwa ajili ya mwanamume asiye na nyonga, nikaizuia kwa pini mbili na dua. Tuliitwa kwenye ghorofa moja ambako bomba lilikuwa limepasuka na majirani wawili wameshikana mashati. Bibi mmoja akanifungulia mlango, akanitazama kofia, akanitazama uso, kisha akachungulia nyuma yangu akauliza, "Na polisi yuko wapi?" Nikamwambia yuko njiani. Sikuona haja ya kumkosesha raha asubuhi hiyo, na kwa kweli mimi mwenyewe nilikuwa nikimsubiri.

Aliyekuwa njiani, akipanda ngazi polepole, ni Bengt. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa rika la baba yangu, mrefu wa kuinama milangoni, na hakupenda kukimbia. Alinifundisha kugonga mlango nikiwa nimesimama pembeni, si mbele yake. Alinifundisha kutazama viatu kwanza. Katika nchi hii watu huvua viatu mlangoni, na ukumbi mdogo wa viatu hukuambia mengi kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa: wapo wangapi ndani, kuna watoto wa umri gani, nani ametoka kwa haraka akaacha kiatu kimoja kimepinduka. Kwetu husemwa nyumba njema si mlango. Bengt hakuijua methali hiyo, lakini aliifanyia kazi kila siku. Alinifundisha pia kukaa kitako. "Keti, Zaina," alikuwa akisema. "Wakiona umesimama, nao watasimama, na watu waliosimama hupiga kelele."

Vifaa vyetu wakati huo vilikuwa taipureta yenye herufi moja mbovu, karatasi za kaboni zilizochafua mikono, na redio nzito iliyosikika vizuri ukiwa karibu sana na kituo, yaani mahali ambapo hukuihitaji. Zilipokuja kompyuta Bengt alizitazama kama mtu aliyeletewa mkwe bila kuulizwa. Mzoea punda hapandi farasi. Alistaafu akiwa bado anachapa kwa vidole viwili, na ripoti zake zilikuwa fupi na za kweli kuliko zangu zote.

Sheria mpya zilitufikia kwa njia ileile kila mara. Kwanza karatasi, kisha kozi ya asubuhi moja yenye kahawa, kisha mtaa. Bengt aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Haya. Nani atashangaa kwanza?" Halafu tukatoka kwa miguu kumtafuta huyo mtu kabla sheria haijamkuta. Kama ni sheria ya kuuza pombe tulikwenda madukani. Kama ni ya mbwa tulikwenda bustanini, tukasimama kwenye baridi na wazee na mbwa wao, tukaeleza. Wenzetu walituona wavivu. Lakini watu wa mtaa ule hawakutukimbia tulipokuja na jambo zito, na sababu yake ni zile safari za bure.

Zipo sheria zilizobadilisha mahali ninapoelekeza macho yangu. Mojawapo ilisema kwamba katika biashara ya mwili mnunuzi ndiye mkosaji, muuzaji siye. Kabla yake niliwauliza wanawake majina huku wanaume wakiondoka na magari yao kimyakimya. Baada yake ilibidi nigeuke, nimwombe jina yule aliyekuwa akifunga mkanda wa gari. Sijapata kuona watu wengi waliosahau majina yao kwa pamoja namna ile.

Nyingine ni hii ya miaka ya karibuni, inayosema mtoto aliyeshuhudia mzazi mmoja akimpiga mwenzake naye ametendewa kosa, hata kama hakuguswa. Zamani tulipoingia nyumba yenye ugomvi, jambo la kwanza lilikuwa kumpeleka mtoto chumbani na kumfungia mlango, tukijiona wenye huruma. Sasa mtoto huyo ana jina lake kwenye kesi na mtu wake wa kumsemea. Nakumbuka nyumba moja kule Upplands Väsby. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kwetu, mpole mbele ya wageni. Akaniambia kwa Kiswahili, "Afande, mtoto hakuguswa."

"Aliona," nikamjibu.

"Kuona nako ni kesi?"

"Siku hizi ndiyo."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, barafu imefungwa kwenye taulo shavuni. Akasema taratibu, bila kunitazama, "Ilikuwa kesi siku zote." Niliandika sentensi hiyo kama alivyoisema, na mpaka leo sijaona mwanasheria aliyeieleza vizuri zaidi.

Kisha ikaja kamera ya kifuani. Vijana mmeikuta, mnaivaa kama kifungo cha shati. Sisi wazee ilitusumbua, hasa tuliozoea kusema na watu kwa lugha mbili tatu. Ghafla kila utani wangu wa Kiswahili ulikuwa ushahidi, na mahali fulani palikuwa na mtafsiri aliyelipwa kuusikiliza. Namwonea huruma mtu huyo.

Na mwisho, nikikaribia kustaafu, ikaja sheria ya zoni. Akina mama zetu waliiita hivyo, zoni, na jina likashika. Nieleze kwa wasioijua. Zamani, ili nifungue mkoba wa mtu, nilihitaji sababu inayomhusu yeye mwenyewe. Ndani ya zoni sababu ni mahali. Polisi wanatangaza eneo fulani kwa muda, kwa kuwa panahofiwa watu kupigana risasi, na humo ndani tunaweza kumpekua mtu na gari lake bila kumshuku yeye hasa. Msiniulize kama naipenda. Nimewahi kukaa na mama aliyekuwa ameshika kofia ya mwanawe aliyepigwa risasi, hataki kuiachia, na siku ile ningekubali sheria yoyote. Nimewahi pia kupekua kijana mmoja kwa mara nyingi mno, mkoba wake una vitabu vya hesabu, akawa ananifungulia mwenyewe kabla sijaomba. Hayo yote mawili nimeyabeba hadi nyumbani.

Basi zoni ikatangazwa siku ya Ijumaa katika kitongoji kimoja cha magharibi, na Jumamosi yake palikuwa na harusi.

Bwana harusi alikuwa kijana wa Uvira, bibi harusi binti wa Kiganda ambaye nusu ya ndugu zake ni Waislamu kama mimi. Ukumbi ulikuwa ndani ya zoni, hatua chache kutoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimealikwa, lakini asubuhi hiyo nilikuwa zamu, nimesimama kwenye mlango wa stesheni na Elin. Elin alikuwa askari mpya, binti wa huko kaskazini kwenye misitu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu na tabia ya kusoma kila kifungu cha sheria mpaka nukta ya mwisho. Nilimpenda kwa hilo. Wengi husoma kichwa cha habari wakaenda kazini.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa. Akina mama wa Kongo wanaopika kwenye harusi na misiba yetu hawatumii visu vya ukumbi. Visu vya kumbi za kukodi katika mji huu havikati hata siagi iliyolala nje. Kwa hiyo kila mama huja na visu vyake, vilivyonolewa na kuzoeleka mkononi, amevifunga ndani ya kitenge. Kisu cha mwenzio hukigusi bila kuomba. Na nchi hii ina sheria nyingine, ya zamani kidogo lakini iliyokazwa mara kwa mara: usitembee na kisu mahali pa watu ila uwe na haja halali nacho. Sheria hizo mbili, ya zoni na ya visu, hazikuwahi kukutana na desturi ile. Zilikutana mbele yangu, kabla ya chakula cha mchana.

Elin alimsimamisha mwanamke mnene kiasi, aliyevaa koti la baridi juu ya nguo ya kitenge, anavuta mkoba wa magurudumu kama ule wanaoendea sokoni vibibi vya Kiswidi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango nikizungumza na mwenye duka la maua. Nilipogeuka nikaona ni Mama Neema.

Mama Neema anakaa Hässelby, mwisho kabisa wa mstari wa kijani wa treni, na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwalisha na kuwaogesha. Kwetu wote ni mpishi mkuu. Nilikuwa nimekula mikononi mwake miaka mingi. Nilijua pia jambo jingine, kwa sababu alilisema kwenye kila shughuli: alikuwa ameomba uraia na alikuwa akisubiri jibu. Sheria za vibali vya kuishi zilikuwa zinabadilika mwaka hadi mwaka, kila mara kwa kukazwa, naye alihofu kwamba siku moja angeamka aambiwe cha kwake kimekwisha. "Mi nataka tu nilale," alikuwa akisema. Na wote tulijua kanuni: ukiwa na kesi, hata ndogo, ombi lako linawekwa pembeni. Ukipatikana na hatia linakaa huko pembeni miaka.

Elin akamwomba kwa adabu afungue mkoba. Juu palikuwa na mifuko ya sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, vitunguu, na kifurushi cha miguu ya nguruwe. Chini yake palikuwa na kitenge kilichoviringishwa. Elin akakifungua. Visu vilikuwa vitano, na kimoja kati yake kilikuwa kile kipana cha kupasulia mifupa, ambacho hata mimi ninayekijua sipendi kukiona nje ya jiko.

"Hivi ni vya nani?" Elin akauliza.

Mama Neema anasema Kiswidi kizuri, cha kubembeleza wazee. Sentensi moja tu ya kweli ingetosha: napika harusini. Badala yake uso wake ukafungwa. "Si vyangu," akasema.

"Ni vya nani basi?"

"Sijui. Nimeviokota."

Nikaona mambo yote yanageuka. Sheria inauliza haja ya kisu, na mtu aliyeokota visu vitano njiani hana haja halali anayoweza kuieleza. Nikasogea. "Elin," nikasema, "namfahamu huyu. Siwezi kuishika kazi hii. Ni yako peke yako." Hiyo ni kanuni yetu, na ni kanuni nzuri: hushughulikii kesi ya ndugu, rafiki, wala mpishi.

"Mnajuana vipi?" akauliza, maana kamera ilikuwa inawaka na yeye ni Elin.

"Amekuwa akinipikia."

"Mara nyingi?"

"Ungeona suruali yangu ya zamani usingeuliza."

Hakucheka. Mama Neema akanigeukia, sasa kwa Kiswahili, sauti imempanda. "Mama Zaina, ambia huyu mutoto! Haiko yangu! Unanijua, miye siko mutu ya bisu!"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mahali pote niliposimama kwa miaka yangu ya kazi, na nimesimama mbele ya watu wenye silaha. Ningeweza kumnong'oneza maneno matatu. Elin asingeelewa hata moja. Lakini ningekuwa nimemfanya Elin kipofu kazini kwake, na siku mtafsiri angeisikiliza kamera ile, ukweli wa Mama Neema ungeonekana kama uongo niliomfundisha. Nikamwambia kwa Kiswahili, kisha nikarudia neno kwa neno kwa Kiswidi ili wote wasikie: "Mama Neema, leo mimi siwezi kukusemea. Mjibu huyu binti, ukweli wako mwenyewe." Akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na dada yake. Nikarudi nyuma hatua mbili. Roho iliniuma sana.

Elin akamweleza haki zake, polepole, vizuri. Akatoa simu ya kazi kuanza kuandika. Akavaa glavu, akaanza kuvipanga visu kwenye benchi la stesheni ili avipige picha, akitandika chini yake chochote kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni kile kifurushi cha nguruwe, ambacho kilikuwa kimeanza kuvuja.

Kisu cha nne kilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye mpini. Elin alipokishusha juu ya kifurushi, Mama Neema alipiga ukelele na mkono wake ukaenda kukinyakua.

Elin akaruka nyuma, mkono kiunoni. Mimi nikapiga kelele, "Neema, mikono!" na nashukuru Mungu mikono ile ilisimama hewani. Watu waliokuwa wakitoka kwenye treni wakaganda mlangoni. Mwanamke yule alikuwa analia kwa hasira kabisa, si kwa woga tena.

"Siyo pale!" akamwambia Elin kwa Kiswidi. "Hicho hakigusi nguruwe! Hicho ni cha sufuria ya Waislamu! Miaka yote sijakigusisha nguruwe, mimi mwenyewe nimekifunga uzi, na wewe unakilaza juu ya miguu yake! Sasa watu wa bibi harusi watakula nini?"

Elin akakiinua kisu, akakishika mbali na kifurushi kama kikombe kilichojaa. Hakusema "kumbe ni chako." Niliisubiri sentensi hiyo, na askari wengi wangeisema. Badala yake aliuliza, "Unapika nini leo?"

Na mpishi akiulizwa hivyo hawezi kunyamaza. Mama Neema akafuta pua, akaeleza: mbuzi wawili, mmoja amechinjwa na shehe, sombe na mawese, samaki wa chumvi ambaye amelala majini tangu jana, nguruwe kwenye sufuria yake kando kabisa, na bugali ya kusonga saa ileile ya kula, siyo kabla. Elin alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ukumbi uko wapi. Kisha akakunja kitenge, akavuta mkoba yeye mwenyewe, akasema, "Twende tukaone."

Nikawafuata kwa nyuma kama mkia. Jikoni mwa ukumbi akina mama walikuwa wameshaanza, na mbele ya kila mmoja palikuwa na kitenge kimefunguliwa na visu vyake. Walipoona sare wote wakaacha kukata. Elin alianza kuvihesabu visu kwa macho, akakata tamaa. Akavuta droo, akachukua kisu cha ukumbi, akaomba kitunguu. Kitunguu kikapondeka badala ya kukatika. Akakitazama muda, akarudisha kisu kwenye droo na kuifunga.

Aliandika kwamba amempekua mtu ndani ya zoni, amekuta visu vitano vinavyosafirishwa kwenda kupikia, amehakikisha jikoni, na hakuna kosa la kushukiwa. Alimrudishia Mama Neema vyote. Mama mmoja akamletea sahani ya mbuzi na Elin akaikataa, kwa kuwa kuna kanuni ya zawadi pia. Nilimwonea huruma kuliko yule mtafsiri.

Kwenye gari alifunga mkanda, akasema, "Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikaribia kumwandikia kesi, Zaina."

"Nilikuona."

"Na ungeniacha?"

Nikamwambia ukweli: ningetoa jina langu niandikwe shahidi, ningesema kwa wakubwa yale ninayoyajua, mchana kweupe, na yangeweza kusaidia au yasisaidie. Lakini uamuzi ungekuwa wake. Elin akawasha gari. Baadaye akasema kwamba Jumatatu angependa tuzunguke makanisani na misikitini kueleza habari ya zoni, maana hakuna karatasi hata moja iliyowafikia wale akina mama. Bengt angemkumbatia. Tulizunguka, tukala biskuti nyingi, na ushauri wake ndio unaofuatwa mpaka leo: visu viwe ndani ya boksi lenye kifuniko, limezungushiwa utepe, chini kabisa ya mkoba, na ukisimamishwa sema mara moja unakwenda kupika wapi. Wafundisheni na wengine.

Jioni nilivua sare nikaenda harusini kama mgeni. Nilikwenda kwanza jikoni. Mama Neema alikuwa akikata vitunguu vya kachumbari. Kisu cha uzi mwekundu alikuwa amekiosha kwa maji ya moto, akamwita shehe akione, na shehe akasema chakula kinalika. Nikachukua kitunguu nami nikamenya. Halafu nikamuuliza kwa nini alisema si vyake.

Hakuacha kukata. Akaniambia kwamba wakati wa vita kwao Kongo, yeye na mumewe walikuwa wanatoka shambani. Njiani palikuwa na kizuizi, watu wenye bunduki. Wakafungua kikapu wakakuta panga la kulimia. Wakauliza, ni ya nani? Mumewe alikuwa mtu wa kusema kweli. Akasema, iko yangu. Wakamwambia apite upande ule, na yeye Neema apite upande huu. Hakumwona tena.

"Yule mutoto alikuwa na heshima," akasema. "Lakini aliuliza neno ileile moja."

Nililia, na sikuvisingizia vitunguu. Nilitamani kumwomba radhi kwa ule mlango niliomfungia, lakini yeye akanitangulia, akasema nilifanya vizuri kunyamaza, ila nisizoee. Kisha akanipakulia kutoka sufuria yetu, nyama ya bega, kipande ambacho kwa kawaida huwekewa mashemeji.

Ndiyo maana nawaambia, vijana wangu, someni sheria mpya mara mbili kama Bengt, na mpaka nukta ya mwisho kama Elin. Sheria itakuambia swali unaloruhusiwa kuuliza. Haitakuambia nani alimuuliza mtu huyo swali hilo kabla yako. Kwa hiyo mtu akikujibu upuuzi, usikimbilie simu. Uliza swali la pili, tena kuhusu jambo jingine. Nimeridhika na kazi yangu. Magoti yamechoka, usingizi ni mzuri, na siku hizi treni ikichelewa nacheka, maana si mimi nitakayeitwa.

Majuzi tu, nikiwa nimeshastaafu, Mama Neema alinipigia simu mchana. Nilidhani ni msiba, kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Jibu lilikuwa limekuja. Alikuwa amekuwa raia, na alikuwa hajamwambia mtu mwingine bado, hata mwanawe.

Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikamuuliza atafanya nini kwanza.

"Nitalala," akasema. Nikasikia maji yanachemka upande wake. "Na batoto yako ya polisi, siku ingine wakinisimamisha na bisu, wakiuliza ni ya nani..."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kama vile bwana yangu alisema. Iko yangu."